Samaki wa Mgonjwa

Kamina, Jumapili, mwezi wa nane 1999.
Mwaka wa pili unaisha tangu nitoke kwetu Mulongo. Wewe uliondoka katika mvua za mwisho, na tangu siku ile haijanyesha tena.

Yaya Ngoie, dada yangu mkubwa,

Nimeketi nyuma ya tanuru, upande usio na moshi, na meza yangu ni ubao wa kufinyangia matofali. Ungeniona ungecheka. Ulizoea kusema kwamba nikishika kalamu naacha kuwa Banza mdogo wako. "Mu kinywa uko muntu wa Mulongo, mu kalamu uko pasta." Ni kweli. Kiswahili cha kuandika nilikipata katika Biblia ya Baba, kabla sijalikimbia darasa kwenda kuvua, na sina kingine. Nivumilie.

Nimechoka, Yaya. Uchovu wa kulia umepita, huu ni wa mgongo. Tangu kiangazi kianze tunafinyanga bila kupumzika, maana vita imejaza watu Kamina na kila mtu anataka ukuta. Jioni vidole vyangu havikunjuki. Nalala kama gogo, naamka kama gogo.

Shule yako haijapata mwalimu wa kemia. Wanafunzi wako wamepewa yule wa jiografia, anawasomea kitabu kutoka juu hadi chini, na wakimwuliza jambo anawaambia jibu liko mbele. Chumba chako kinakaliwa na familia iliyokimbia mapigano. Kile kijiti chako cha kioo, cha kusambazia unga, mama wa nyumba ile anasukumia nacho mikate. Nilikwenda kukidai. Nikaona anakiosha vizuri kuliko nilivyokuwa nikikiosha mimi, nikamwachia.

Wenzangu wa tanuru bado wananiuliza ulikuwa unafanya kazi gani hasa. Nimejifunza kuwaeleza. Nisahihishe nikikosea.

Nawaambia: dada yangu alisoma hapahapa Kamina kwa Wamethodisti, kisha Lubumbashi, kisha Ulaya miaka mingi. Huko kulikuwa na watu wanaotafuta jinsi ya kulikamata jua kwa bei nafuu, wapate umeme. Walitumia unga mweupe, ndugu wa ule unaotiwa katika rangi ya ukuta, ila chembe zake ni ndogo mno, hata darubini ya shuleni haizioni. Wananiuliza, udogo wote huo wa nini? Nawapa maneno yako. Ukichovya kipande cha muhogo katika mchuzi, kinalowa nje tu. Ukichovya unga, unalowa wote. Basi unga ule unapakwa kwenye kioo na kuloweshwa rangi. Rangi ndiyo inayokunywa jua, unga unabeba kilichonywewa mpaka kwenye kioo, na kioo kinakipeleka kwenye waya. Elimu ya vitu vidogo namna hiyo inaitwa nano.

"Tano?" aliuliza mmoja wao.

"Nano."

"Bon. Na sita iko wapi?"

Hapo nakata tamaa, nawaambia jina alilolitoa Mama. Unakumbuka ulipomwonyesha kioo cha kwanza, kile cheupe ulichotoka nacho Ulaya, akakigusa kwa ncha ya kidole akadhani ni pemba, ule udongo mweupe ambao wazee hujipaka wakiomba baraka? "Kumbe mutoto yangu anapakaka jua pemba." Tangu hapo kazi yako Mulongo nzima iliitwa pemba ya jua. Ulisema jina hilo si sahihi hata kidogo, na ukalitumia mpaka mwisho.

Huko Ulaya walikuomba ubaki. Uliniambia jua la kwao linakuja kama mgeni, linakunywa maji, linaaga, nawe ulitaka kufanya kazi kule linakokaa. Ukarudi Lubumbashi ukakuta maabara imeporwa, hata mabomba ya maji yameng'olewa ukutani. Mshahara ulikuwa jina tu. Asubuhi ulikuwa profesa, mchana uliuza mikate. Wanafunzi walikuwa wakija kununua na kukuuliza maswali ya mtihani papo hapo, nawe uliwajibu ukigeuza mikate katika mafuta. Vita ya kwanza ilipopita, ukakubali kazi ya shule hapa, ukaja na treni na sanduku lako la vioo, vile vya pekee ambavyo upande mmoja unapitisha umeme, kila kimoja kimefungwa kitenge kama mtoto.

Nilikuwapo kwenye kizuizi cha askari pale stesheni, nimekuja kukupokea. Askari mmoja alikifungua kimoja, akakiinua mbele ya uso wake, akakigeuza.

"Hii kioo haina sura yangu."

"Njo maana hakuna mutu anaiuza," ulimjibu. "Inaangaliaka jua tu."

"Mu karatasi yako baliandika docta. Weye uko docta ya nini?"

"Ya jua."

"Docta ya bure," akasema, akakurudishia. Ulicheka mpaka nyumbani.

Kisha ukaja kunitafuta hapa tanuruni na viatu vyako vya kufundishia, kila mtu akaacha kazi akakutazama. Unga ukishapakwa lazima uchomwe ili ushikane, kama tofali, na huko Ulaya mlikuwa na tanuru ya umeme. "Banza, moto yako haina shida. Shida njo moshi." Tukavitia vioo katika chungu cha chuma, tukaziba kifuniko kwa udongo, tukakiweka juu ya matofali. Safari ya kwanza vilitoka vyeusi. Ya pili vilitoka vimepasuka. Kila mara ulisema "Bon," yaani vema, kana kwamba umeletewa zawadi. Ya tatu vilitoka vyeupe, vizima, nawe ulikaa chini kwenye jivu na sketi yako ya shule.

Rangi tulikamua katika maua mekundu ya ngaingai, yale machachu. Dawa ya vidonda, ya kuirudishia rangi nguvu, tuliomba zahanati. Masizi ya kupaka kioo cha pili yalikuwa ya mshumaa. Nakumbuka mara ya kwanza tulipounga waya kwenye kile kipimo chako cha sindano, tukakielekeza kioo juani. Ulikuwa unashika kioo, mimi natazama sindano. Haikusogea. Nilitaka ufurahi, nikasema imetikisika kidogo.

Ulikuja kutazama mwenyewe. Hukukasirika. Ulisema polepole, kama unavyowasemesha wanafunzi: "Banza, usinipatie huruma. Unipatie sindano." Kisha: "Sifuri nayo iko jibu. Ukiona sifuri, sema sifuri."

Ilisogea wiki iliyofuata, wakati huo hukuhitaji mtu wa kukuambia. Tulipopata vioo vinne vizima tukaviunganisha na ile saa yako ndogo. Ikaanza kutembea jua likipanda, ikasimama jua likishuka, na wingu likipita nayo ilijikwaa. Majirani walikuja kuicheka. "Saa ya Docta iko mulevi!" Ukawaambia haijalewa, haihesabu saa, inahesabu jua. Lakini rangi ya ngaingai ilikuwa inafifia baada ya siku chache, saa inachoka, tunakamua upya. Hilo ndilo ulilokuwa ukilitafuta mpaka mwisho, rangi isiyochoka. Ulijaribu magome, majani, maganda ya vitunguu. Ungeipata, Yaya. Au ungesema sifuri. Moja kati ya hayo mawili.

Sasa nifike kwenye jambo lililoniketisha hapa leo. Ni habari ya Mama.

Unajua ilivyoanza, ulikuwapo, lakini acha niisimulie tena, maana nikiisimulia nakusikia. Kiangazi cha mwaka jana malaria ilikupanda kichwani, ukawa unaongea Kifaransa na ukuta. Niliogopa. Nikakimbilia misheni kwenye foni, ile redio ambayo kituo kinasemeshana na kituo, nikamwomba Shemasi, mzee anayeishika, awaambie Mulongo: Ngoie ni mgonjwa sana. Sikumaanisha zaidi ya hayo. Lakini kwetu nani anatangaza lufu kwa mdomo mtupu? Mtu akifa, ndugu wa mbali wanaambiwa "mgonjwa sana, njooni," nao wanafunga mizigo huku wakilia. Anayeuliza anaumwa nini ni mtoto. Mulongo wakasikia walichozoea kusikia. Mama akanyoa kichwa. Wakakulilia kilio kizima, kwa nyimbo na kila kitu.

Ulipopona, habari ikatufikia: wanauliza umezikwa wapi. Ulikuwa hujaweza kusimama vizuri, ukanishika bega tukaenda misheni, ukamnyang'anya Shemasi kile kisemeo.

"Mama, njo minyi Ngoie. Sikufe."

Sauti ya Mama ilikuja kama inatoka ndani ya mtungi: "Weye nani?"

"Ngoie, mutoto yako. Mulikula nini ku kilio yangu?"

"Mbuzi mbili."

"Mbili tu? Docta muzima?"

Watu waliokuwa wakingoja zamu yao walianguka kwa kicheko. Mtu fulani wa Kabondo-Dianda, tusiyemjua, aliyekuwa akisikiliza kwenye kituo chake, akaingia katikati akapiga kelele: "Mama, dai mbuzi zako!" Mama alilia, akacheka, kisha akanigeukia mimi. Alisema nimemnyoa nywele bure, na kwamba nikifika Mulongo nitaona.

Ndipo ulipoweka ile sheria yako. "Mama, sikia. Kuanzia leo, mugonjwa njo mugonjwa. Siku nikikufa, batakuambia: amekufa. Itika."

"Usisemake vile, mutoto yangu."

"Itika kwanza."

"Naitika."

Njiani ukaniambia: "Na weye, Banza. Usinipatie huruma mu foni."

Mwezi wa nne ikaja homa ya matumbo. Dawa hazikuwapo mjini. Sitaki kuandika siku zile. Uliomba maji. Uliuliza kama saa inatembea, nikakuambia hapana, kuna mawingu. Ukasema, "Bon." Hilo ndilo neno lako la mwisho nililolisikia.

Nilikwenda kwenye foni nikiwa bado na udongo wa kaburi kwenye viatu. Nilimwambia Shemasi: sema, Ngoie amekufa.

Akatoa kidole kwenye kitufe. "Mambo ya lufu habasemake mu foni."

"Njo yeye mwenyewe alitaka."

"Yeye alikuwa docta. Mama yake haiko docta. Atasikia mbele ya bantu bote, kila kituo kinasikiliza. Nani atamushika?"

Hakungoja jibu. Akabonyeza kitufe, akasema kwa sauti yake ya kanisani: "Mulongo, Mulongo. Mumuambie mama wa Docta, Ngoie iko mugonjwa sana, sana." Ile "sana" ya pili aliniongezea mimi, nilimwona akinitazama, kama mtu anayekupa alichonacho. Siwezi kumchukia, Yaya. Alilia baadaye, akijifanya anatengeneza waya.

Mulongo wakamwita Mama. Alifika anahema. "Tumesikia," alisema. "Safari hii hatulie ovyo. Mugonjwa njo mugonjwa, vile Ngoie alisema. Mumuambie akule." Na kabla sijakishika kisemeo, mlio wa vituo vingine ukatufunika.

Wiki ileile askari wakakataza foni za misheni kwa sababu ya vita. Ziko kimya mpaka leo.

Kwa hiyo Mama amekushika kwa neno lako, unaona? Alikulilia ukiwa hai kwa sababu alielewa zaidi ya nilichosema. Sasa umekufa, naye halii, kwa sababu ameelewa kilekile kilichosemwa. Nywele zake zimeota. Kila asubuhi anaamka akijua kwamba wewe ni mgonjwa na unaendelea polepole.

Mwezi wa sita alikuja Mzee Saleh, yule mfanyabiashara wa watu wa Maniema, anayenunua samaki kwenye mto. Akaniwekea kikapu mbele. Kambale wa kukaushwa kwa moshi, wazuri, wamepangwa kichwa kwa mkia kama Mama anavyopanga.

"Mama yako anasema: ni ya mugonjwa. Banza asikule."

Nilimwambia palepale kwamba umekufa. Alivua kofia, akaivaa tena, akasoma dua yake midomo ikicheza bila sauti. Nikamwomba ambebee Mama habari, kwa kuwa njia yake inarudi huko. Akatikisa kichwa.

"Banza, minyi nabebaka samaki, chumvi na sabuni. Lufu ya bantu sibebake. Iko na mwenyewe."

Ina mwenyewe. Nimelifikiria neno hilo kila nikibeba ubao wa matofali. Baada ya yeye kuondoka njia ya mto ilifungwa, hakuna mtu aliyepita kwenda wala kuja. Nikawatundika samaki chini ya paa. Wenzangu walikuwa wakiwatazama wakila ugali na majani, wananiuliza kama nimeokoka sana hata siku hizi nafunga mbele ya samaki. Nikawaambia ni wa mgonjwa. Mgonjwa yupi? Nikarudi kwenye ubao wangu. Kumbe na mimi nilikuwa nimeanza kusema kama Shemasi.

Juzi Ijumaa jua lilikuwa kali, moto umekwisha kushika tanuruni na kazi imepungua. Nikavitoa vioo vyako, nikaunga waya kama ulivyonionyesha. Rangi imekuwa ya chai ya jana. Nikatazama sindano muda mrefu, mpaka jicho likaanza kuniambia inatikisika. Ilikuwa haitikisiki. Nikasema kwa sauti: "Sifuri." Mwenzangu akauliza nasema na nani.

Jana Mzee Saleh amepita tena. Njia imefunguliwa. Mama ni mzima, anauliza kama ulipenda samaki.

Sikulala vizuri. Mwanzoni niliwaza nichukue kikapu nirudi nacho. Nikifika Mulongo sitahitaji kusema kitu, nitakiweka mbele yake na samaki wake wote ndani, atawatambua, ataelewa kabla sijafungua kinywa. Nilipumua nilipoliwaza hilo. Kisha nikakusikia. Huo nao ungekuwa "mugonjwa sana" mwingine. Samaki wangesema badala yangu, kama Shemasi alivyosema badala yangu, na Mama ana haki ya lile neno ulilomfanya aitike.

Kwa hiyo leo nimewapika. Wote. Nimewaita wenzangu wote, wameleta ugali, wakauliza ni sikukuu gani. Nikawaambia: dada yangu alikufa mwezi wa nne, hawa walikuwa wake. Mmoja akasema pole, yule wa tano na sita, akanipa kichwa cha kambale, sehemu ya mwenye kilio. Nilikula. Nimekula samaki wa mgonjwa, Yaya, mimi niliyekatazwa. Walikuwa na chumvi kidogo kuzidi, kama siku zote.

Vioo nitaviacha dirishani kwenye darasa lako, pamoja na saa. Nimewaonyesha wanafunzi jinsi ya kukamua ngaingai, na zitakapochanua wajaribu wenyewe. Sivibebi. Mama akiviona mkononi mwangu navyo vitaanza kuongea.

Hapa nyuma ya tanuru nimejizoeza. Mama, Ngoie amekufa. Nalisema kwa Kiluba, nalisema kwa Kiswahili. Kwa Kiluba ni gumu zaidi. Nitalisema ameketi, na nitakuwa nimekaa karibu, ili awepo mtu wa kumshika. Hilo Shemasi aliliona sawasawa. Na akimaliza kulia nitamwambia ulivyolalamika, kwamba mbuzi wawili kwa docta mzima ni kidogo. Safari hii utaliliwa vizuri, nakuahidi.

Lala, Yaya wangu. Mawingu hakuna, jua lote ni lako. Nikirudi Kamina nitapita kwako kwanza, kabla ya tanuru, nikupe jibu la Mama kama lilivyo, bila huruma.

Moto tunauzima Jumatano. Matofali yakipoa napanda treni ya Bukama, kutoka Bukama nashuka na mto Lualaba kwa mtumbwi, napita ziwa Kisale, natua Sanga kulala. Nitafika Mulongo kabla ya mvua ya kwanza, mikono mitupu.

Mdogo wako,
Banza